Aliyeitika Hodi

"Hivi jirani, wakirudi wawili, mnaanza kumtoa nani?"

Swali hilo Bi Hadia alimwuliza Somoe mwaka mmoja kabla ya yote haya, mchana, wamekaa uani kwa Hadia wanachambua kunde. Asumini, binti yake Hadia, alikuwa bado yuko kwenye mafunzo ya uanaanga, hajapaa hata mara moja, lakini mama mtu alishaanza kukosa usingizi.

"Anayeitika," Somoe alimjibu pasipo kufikiri, kama mtu anayetaja siku ya gulio. "Chombo kikishaanguka majini tunakifuata, tunagonga, tunapiga hodi. Atakayesema karibu ndiye wa kwanza kutolewa."

"Na asiyeitika?"

"Huyo atasubiri. Mara nyingi huwa kesha kwenda zake, Mungu amrehemu."

Hadia akatupa ganda kapuni. "Basi nitamuusia Asumini aitike upesi. Maana huyo nikimwita kutoka jikoni, mpaka nitoke na mwiko mkononi ndipo aseme abee."

Wakacheka wote wawili.

Somoe hakuwa msomi. Aliishia darasa la saba, akaolewa, akamzaa Sudi, akafiwa na mume, na eda ilipokwisha akapata kazi kwenye Nyange, meli ya Shirika la Mwandamo iendayo kuopoa wanaanga. Shirika lilihitaji mwanamke. Mtu aliyekaa huko juu miezi minane hurudi hajiwezi. Shingo haishiki kichwa, miguu imesahau kazi yake, anatapika, amejilowesha. Binti akiwa katika hali hiyo astiriwe na mwanamke mwenzake, ndivyo watu wa Mikindani walivyosema, na Shirika likakubali. Kwa miaka sita Somoe ndiye aliyemfunika kanga kila binti aliyetoka mle ndani. Aliwapokea kama wakunga wapokeavyo, kimya kimya, macho chini.

Hiyo hodi nayo ilianzia kwao melini. Chombo cha kwanza kabisa kilipoanguka, mpiga mbizi Chilumba alikigonga ubavuni na, kwa mazoea tu, akasema hodi. Mtu wa ndani akaitika karibu. Wahandisi waliokuwa wakisikiliza melini wakafurahi mno. Wakaona hakuna kipimo rahisi kuliko hicho. Nyaya zinaungua njiani, mitambo ya kusoma mapigo ya moyo inazimika, lakini mwenye uhai akipigiwa hodi ataitika. Wakaiandika kwenye kanuni za kazi, ikawa sheria.

* * *

Siku ya Asumini kurudi ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, maili thelathini kutoka pwani. Chombo kilishuka kwa miavuli mitatu, mmoja umechanika unapepea ovyo. Kikapiga maji kwa kishindo. Maboya matatu yalipaswa kufumuka ubavuni ili kukisimamisha. Yakafumuka mawili, na chombo kikalala upande wa kulia.

"Sikupenda kilivyolala," akasema Nahodha Mtipa kwenye redio. "Chilumba, msikae sana."

Katika boti ya mpira walikuwa wawili tu, Chilumba na Somoe.

"Mama, leo unampokea wa nyumbani," Chilumba alisema akikaza miwani ya maji. "Mwambie nimekuja kwa ajili ya ile pilau ya mama yake. Hizo nyota zake sizihitaji."

"Vaa barakoa yako, uache ulafi."

Chilumba akakipitisha kipima hewa ukingoni mwa mlango. Mafuta ya injini zile hutoa mafusho yanayomwua mtu kwa pumzi tatu, na asipopima anayefungua, hufa yeye pamoja na aliyemfuata. Taa ikawaka kijani. Mlango wenyewe ulikuwa mwembamba, wa kupita mtu mmoja. Kumfungua mikanda, kumfunga shingo, kumvuta mpaka botini, zilikuwa dakika kumi na moja kwa kila mtu, na hizo ni kama hakuna kilichokwama.

Somoe akabandika kikombe cha kusikilizia kwenye bamba la kushoto, upande wa kiti cha Kapteni Rwechungura, aliyepaa pamoja na Asumini. Akagonga mara tatu.

"Hodi."

"Karibu, karibu," sauti ikaitika, nzito, ya mtu wa Bukoba aliyekaa pwani siku nyingi. "Mmechelewa, chai imepoa."

Chilumba akacheka. Hata Somoe alicheka, na kicheko kile baadaye kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Hali zenu, Kapteni?"

"Salama kabisa. Sote salama, hamna shida."

Akahamia bamba la kulia, ambalo maji yalikuwa yakililamba. "Hodi. Asumini, hodi. Ni mimi, Mama Sudi." Akasikiliza. Maji tu, na chuma kikilia kwa kupoa. Akagonga tena. Alidhani amesikia kitu, kama ukucha unaokwaruza, lakini bahari iliposukuma vile, nani angeapa?

"Vipi?" Chilumba akauliza.

"Kulia kimya."

"Kapteni kasema wote salama. Labda kazimia kidogo."

Somoe akakitazama chombo. Kulikuwa na jambo lililomkera. Ile sauti ya kushoto haikuhema. Mtu aliyeshuka kutoka huko, amebanwa mikanda, kifua kinamlemea kama gunia la chumvi, husema neno akavuta pumzi, akasema jingine akavuta tena. Huyu alisema moja kwa moja kama msoma taarifa ya habari. Somoe aliliona hilo, akalinyamazia. Kanuni ilikuwa wazi. Tena aliyekuwa kulia ni mtoto wa jirani yake. Akisema waanze huko, watu watasema amependelea wake akamwacha mume wa watu majini.

"Basi tuanze na nani, Mama?"

"Kushoto," Somoe akasema.

Chilumba akafungua, akaingia nusu mwili. Somoe alishika miguu yake asiteleze. Alisikia vifungo vya mikanda vikiachia kimoja kimoja. Zikapita dakika, zikapita nyingine. Chombo kikazidi kuinama.

"Mbona mwepesi huyu," Chilumba akasema humo ndani.

Akauvuta mwili mpaka ukatoka mlangoni wote. Ndipo akageuza uso.

"Mama. Huyu kafa zamani."

Nyuma ya kioo cha kofia uso wa Kapteni ulikuwa umekauka, rangi ya tumbaku. Kidevu kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa kilichopita juu ya utosi, kama afungwavyo maiti, na mikono imenyooshwa ubavuni ikakazwa kwa utepe isielee. Na kutoka humo humo kofiani sauti ikasema kwa uchangamfu, "Ahsanteni jamani. Polepole tu. Sote salama."

Aliyeitika alikuwa msemaji. Kila mwanaanga huvalishwa kimoja, kidude kisichozidi punje ya kunde, kinachokaa kando ya sikio na kujifunza maneno yake, utani wake, hata namna anavyokohoa kabla ya kusema. Mwenyewe akilala au akichoka, na watu wa ardhini wakaita, msemaji humjibia kwa sauti yake, ili kimya kisije kikawatia watu hofu. Chombo kikigusa maji, mvaaji hukizima kwa kidole chake mwenyewe. Kidole cha mtu mwingine, au cha maiti, hakifai. Wahandisi walikilisha kidude hicho mazungumzo yote waliyonayo, na ndani ya mazungumzo hayo zilikuwamo sauti za uopoaji wa miaka sita. Kikajifunza kwamba mtu akipiga hodi, huitikiwa. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba hilo moja lisifundishwe.

Asumini alikuwa amekikataa chake tangu mwezi wa pili. Alimwandikia mama yake kwamba hataki kusemewa na mtu, sembuse kidude.

"Huyu kafungwa kidevu na nani?" Chilumba akauliza, bado amemkumbatia maiti.

Somoe alikuwa ameshavua viatu, anaingia.

Mle ndani mlinuka nguo zilizoungua na watu waliokaa pamoja siku nyingi. Maji yalikuwa yamejaa upande wa kulia, na Asumini alikuwa amefungwa kwenye kiti katikati ya maji hayo, kofia wazi, kichwa kimeelemea bega, maji yanamwingia mdomoni na kutoka. Somoe akatia mkono chini ya shingo, akakinyanyua kichwa. Shingo ilikuwa na joto.

"Asumini. Mama, ni mimi."

Macho yalifunguka nusu. Midomo haikuwa na rangi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukutani, juu kidogo ya maji, na kucha mbili zimevunjika. Somoe akauona mkwaruzo aliousikia. Ulikuwa mpya, unang'aa.

Akavuta kifungo cha mkanda. Kimekwama. Akavuta tena kwa meno. Pumzi ya Asumini ilikuwa inakuja kwa mbali, kama ya mtoto aliyelia mpaka akasinzia. Somoe alishaona pumzi hiyo kwa mume wake, akaijua. Akaacha mkanda. Akaweka mdomo sikioni mwa yule binti, akamtamkia shahada taratibu, neno baada ya neno, kama anavyofundishwa mtoto kwenye chuo cha Kurani.

Asumini hakuweza kutamka. Lakini kidole chake cha shahada kiliinuka kutoka kwenye maji, kikasimama, Somoe akakitazama kimesimama. Kisha pumzi moja, na nyingine, na ile ya tatu haikuja.

Chilumba alipoingia na kisu kukata mikanda, alimkuta Somoe amemfunika binti uso kwa kanga iliyolowa.

* * *

Saa saba mchana Bwana Semkiwa alimwita katika chumba kidogo cha melini. Huyo ndiye afisa wa Shirika anayeshughulika na familia. Hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akampa pole zaidi ya mara moja. Mezani kulikuwa na karatasi ya daktari, daftari dogo lililolowa, na kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa tasbihi iliyokunjwa.

"Tulilikuta pajani kwa Asumini," akasema, akigusa daftari. "Nakueleza wewe kwa kuwa ulikuwamo. Hitilafu ya umeme, siku arobaini zilizopita. Kapteni alifariki pale pale, na redio ya Asumini ikaungua siku hiyo hiyo, ikabaki ya kupokea tu. Msemaji wa Kapteni ana betri yake. Akaendelea kutujibu."

"Siku arobaini."

"Alituambia Asumini amelala. Alituambia Asumini anaumwa koo. Tukaamini."

"Na yeye alikuwa akiwasikia mkiongea?"

Bwana Semkiwa alilitazama daftari kabla ya kujibu. "Alikuwa akitusikia. Ameyaandika humu mpaka siku ya thelathini na tisa."

Somoe alimwona moyoni yule mtoto amekaa ubavuni mwa maiti siku arobaini, anasikiliza watu wa kwao wakitaniana na aliyekufa.

"Daktari ameandika wamefariki wote kwa pamoja, siku ile ya umeme," Semkiwa akaendelea, akimsogezea karatasi. "Inatakiwa sahihi ya aliyempokea binti."

"Na aliyeandika daftari mpaka siku ya thelathini na tisa ni nani? Na Kapteni kafungwa kidevu na nani?"

"Daftari halitoki humu."

"Alikuwa hai, Bwana Semkiwa. Nilimshika."

"Naamini." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na Somoe akaona kweli anaamini. "Sasa nakuuliza kwa heshima, kama mama yangu. Ukimwambia mzazi wake kwamba mwanawe alirudi mzima mpaka majini, mkamwacha dakika kumi na moja mkimtoa maiti, utakuwa umemfanyia wema gani?"

Somoe akauliza jingine. "Wapo wanne huko juu, wanashuka mwezi ujao. Mtawaambia wawazime wasemaji wao?"

"Hilo limenizidi cheo."

"Basi mimi sitii sahihi."

"Usipotia, karatasi ya daktari itatosha. Litakuwa neno lake na neno lako." Hakutaja darasa la saba, lakini Somoe alilisikia pale ambapo halikutajwa. Semkiwa akakisukuma kile kisanduku mbele. "Hiki ni cha mama yake. Sauti ya binti ya ile miezi miwili ya mwanzo, kabla hajamzima msemaji wake. Kitaongea naye. Wengi kinawasaidia, wanapata usingizi. Anakuamini wewe kuliko mimi, umkabidhi wewe."

"Asumini alikataa kusemewa."

"Alikataa akiwa hai," Bwana Semkiwa akasema, akainamisha kichwa kama aliyeona haya kwa alichokisema.

Somoe alisali adhuhuri sakafuni, kando ya machela ya Asumini, meli ikimyumbisha kila alipoinuka. Alipomaliza aliendelea kukaa. Akinyamaza, Hadia ataamini mwanawe alifia gizani kusiko na chini wala juu, hana wa kumshika mkono, hana wa kumtamkia neno la mwisho. Akisema, atampa mama yule kitu kikubwa: mwanao alirudi duniani, alikufa mkononi mwangu, aliinua kidole. Amekufa maji, na aliyekufa maji hufa shahidi. Lakini hawezi kutoa hicho asitoe na zile dakika kumi na moja. Vilikuwa vimefungwa fundo moja, na kila alipojaribu kuvitenga, fundo lilizidi kukaza. Aliomba aonyeshwe njia. Hakuonyeshwa.

* * *

Chumba cha kupokelea familia, bandarini, kilipakwa rangi ya samli. Hadia alikuwa amekaa kwenye kochi la plastiki, miguu imebanwa pamoja. Walishamwambia. Pembeni yake kulikuwa na chupa ya uji na mfuko wenye gauni la kutokea la Asumini, limepigwa pasi.

"Shoga," akasema Somoe alipoingia, akakaa karibu naye, wakashikana.

Hadia hakulia. Alikuwa amekwisha kulia, au alikuwa hajaanza. "Wameniambia hakuumia. Ati ni umeme, kufumba na kufumbua."

Somoe akautazama ule mfuko wa gauni.

"Siku arobaini, Somoe. Mwanangu yuko huko arobaini nzima hajaoshwa, na mimi huku napika futari, nacheka na watu."

Somoe akakitoa kisanduku, akakiweka mezani. Aliona afanye alilotumwa kwanza, pengine hilo lingine lingekufa lenyewe moyoni. "Wamenipa hiki nikupe. Ni sauti yake. Ukikigusa kinaongea."

Hadia alikitazama kama kitu kinachoweza kuuma. Kisha akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Shikamoo mama," Asumini akasema.

"Marahaba mwanangu." Lilimtoka kabla hajajua. Mkono ukaenda mdomoni. Uso mzima ukabadilika, ukawa wa miaka kumi iliyopita.

"Umekula, mama? Au umekaa tu hivyo unaniwaza?"

"Nimekula," Hadia akadanganya, na machozi yakaanza. "Nimekula, mama. Wewe je?"

Somoe aliwatazama, kama wale walikuwa wawili. Aliona jinsi shoga yake alivyoinamia meza, akicheka na kulia. Aliona pia kwamba kesho itakuwa hivi, na kesho kutwa, na Hadia atazeeka akiitikia salamu za kisanduku. Mwezi ujao kutakuwa na mlango mwingine, na hodi nyingine, na atakayeitika upesi atakuwa kidude kama hiki cha mezani. Akanyoosha mkono, akakifunika kisanduku mpaka kikanyamaza.

"Hadia, nina neno. Ukilisikia utanichukia, na usiposikia mimi nitakuwa nimekuibia."

"Sema."

Akasema. Hakupunguza kitu. Alieleza sauti iliyoitika na ile isiyohema, alieleza kwamba aliona akanyamaza, alieleza ni yeye aliyesema waanze kushoto. Akaeleza ukucha, maji, mkanda uliokwama. Akafika kwenye shahada na kidole kilichoinuka, na hapo akaishia, maana alitumaini hilo litabeba mengine yote.

Hadia alisikiliza hadi mwisho, hajafumba jicho.

"Shingo yake ilikuwa na joto?"

"Ilikuwa na joto."

"Alikujua?"

"Nadhani alinijua. Alifungua macho."

Nje kuna gari lililopita, vioo vikatetemeka. Hadia akalitoa lile gauni la pasi, akalikunja mara mbili, akalirudisha mfukoni.

"Nani mwingine anajua?"

"Chilumba anahisi. Bwana Semkiwa nilimwambia, naye ataficha. Aliyeona ni mimi na Mwenyezi Mungu."

"Basi ungemwachia Mungu."

Akanyanyuka. Akakitoa kisanduku chini ya kiganja cha Somoe, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Akakibana kando ya sikio ndani ya mtandio, akakigusa, na midomo yake ikaanza kusema kwa chini chini marahaba, marahaba mwanangu. Chupa ya uji na mfuko aliviacha pale pale kochini. Akafungua mlango, akatoka.